Ndiyo ya mkeo peke yake haitoshi, kaka

Kaka, umeuliza: mkeo ameshakubali kufungwa mikono na kuzibwa macho kwa kitambaa katika mchezo wenu wa kitandani, sasa kuna haja gani ya kuzungumza tena? Nakujibu kama mke, maana mimi pia nilikubali na bado nikaumia.

Mara ya kwanza mume wangu alinifunga kwa mtandio kwenye mbao za kitanda. Mtandio laini unadanganya. Ukijivuta, fundo linajikaza na halifunguki upesi. Vidole vikaanza kufa ganzi, nami nikanyamaza, nikiogopa kumharibia raha. Kidole gumba kilibaki na ganzi siku mbili, kwa kuwa mshipa wa fahamu ulibanwa pale kwenye kifundo cha mkono. Alipojua alilia. Akaniuliza kwa nini sikusema, nikakosa jibu. Somo wangu alinifunda mengi ya kumridhisha mume, lakini kusema "hapa basi" hakunifunda.

Kwa hiyo mpe mkeo njia ya kukataa katikati ya jambo, na awe na hakika kwamba hutanuna.

Sisi tulikaa mchana, tumevaa nguo zetu, chai mezani, bila pombe wala pupa. Kila mmoja akaandika peke yake anayoyataka, ya labda, na ya kamwe. Tulipobadilishana karatasi nilishangaa: yeye ndiye alikuwa na kamwe nyingi. Hakutaka kabisa kunitukana, hata kwa mchezo, na mimi sikuwahi kufikiria kwamba mwanaume naye ana mipaka yake. Ya labda yahesabuni kuwa hapana kwa siku hiyo. Kukabana shingo kuwekeni kwenye kamwe bila mjadala, maana hakuna namna salama ya kukaba.

Neno la kusimamisha lisiwe "acha" wala "jamani", kwani hayo humtoka mtu hata akiwa anafurahia. Sisi tunatumia rangi za mataa ya barabarani: kijani endelea, njano punguza, nyekundu kila kitu kinasimama na nafunguliwa. Mdomo ukiwa umezibwa nashika funguo. Zikidondoka, ni nyekundu. Naye huniuliza "Rangi gani?" kila baada ya dakika chache. Hilo usiliache, hasa kama mkeo ni mtu wa kuvumilia kama mimi.

Vidole viwili vipite kati ya kitambaa na ngozi, mkasi uwe karibu, na aliyefungwa asiachwe peke yake hata kidogo. Simu zikae sebuleni.

Miezi kadhaa baadaye nilisema nyekundu kwa mara ya kwanza, wala si kwa maumivu, moyo tu ulibadilika. Alinifungua, akanifunika shuka, akaniletea maji, akakaa pembeni yangu bila kuuliza kitu. Tulizungumza asubuhi. Ni baada ya usiku ule ndipo nilipoanza kuufurahia mchezo wenyewe.