Mshahara Ulikatika, Njaa Haikupewa Taarifa

Siku niliyopewa barua ya kuachishwa kazi nilipitia sokoni nikanunua nyama, tena nyingi kuliko kawaida. Sikutaka mtu anisome usoni. Wiki 2 nzima nikawa naaga asubuhi na begi langu begani kama mtu anayewahi kazini, huku akiba inaishia kwenye sahani. Nikiulizwa leo nilikosea wapi, nitataja wiki hizo 2 za kujikaza kisabuni.

Kwa hiyo kabla ya yote, sema. Mwenzio ajue siku hiyohiyo, na watoto waambiwe kwa kadiri ya umri wao. Wangu mwenye miaka 9 aliuliza swali moja tu: "Lakini tutakula?" Nikamwambia tutakula, ila si kama zamani. Akarudi kucheza.

Halafu usikimbilie sokoni. Toa kila kilichomo kabatini ukiweke mezani. Sisi tulikuta pakiti 3 za chumvi zilizofunguliwa, njegere kavu zisizo na mwenyewe, na mchele uliosahauliwa nyuma ya ndoo. Tulikula siku 9 bila kununua zaidi ya vitunguu, nyanya na mafuta.

Kilichotubeba hasa ni maharage makavu. Kilo 1 ikiiva hukaribia kilo 2 na nusu, na protini yake si haba. Yaloweke usiku kucha, mwaga yale maji, bandika kwa maji mapya, kisha yaache yatokote kwelikweli angalau dakika 10 kabla ya kupunguza moto. Hilo la dakika 10 usilipuuze, hasa kwa maharage mekundu: yana sumu ya asili inayovunjwa na mchemko mkali, na moto mdogo peke yake hauiondoi.

Watu wengi hupiga hesabu ya chakula wakasahau moto. Mimi pia. Nilikuwa napika maharage kila baada ya siku moja, mpaka mke wangu akaniuliza kama nagawana faida na muuza gesi. Sasa tunapika mara moja kwa wiki: ya siku 3 yanakaa kwenye friji, mengine yanagandishwa. Siku nyingine yakishatokota vya kutosha naepua sufuria ikiwa imefunikwa, naizungushia blanketi zito, na joto lake lenyewe linamalizia kazi. Kabla ya kula nayarudisha motoni yachemke tena.

Kamulia limau au pika na nyanya. Vitamini C husaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage. Chai inayonywewa pamoja na chakula hufanya kinyume chake, kwa hiyo tuliihamishia katikati ya milo. (Hiyo ilileta vita kubwa kuliko kukosa nyama.)

Wali ulionipa somo ni ule wa jana yake, uliolala juu ya jiko. Niliupasha vizuri, nikaona nimeokoa mlo. Tukaharisha watu 2, na dawa zikagharimu kuliko mchele wenyewe. Kuna bakteria anayeacha sumu ndani ya wali uliokaa nje, na sumu hiyo haiondoki kwa kupasha moto. Ukibaki, uingie kwenye friji mapema, usingoje asubuhi.

Dukani, gawanya bei kwa uzito. Pakiti kubwa si lazima iwe nafuu. Na kama una mtoto anayetumia maziwa ya kopo, usiyazimue ili yafike mwisho wa mwezi. Hapo bora upunguze kitu kingine chochote.

Jambo moja nililichelewa kuliona. Kila jioni mke wangu alikuwa anasema ameshakula jikoni wakati anapika. Mimi namwamini, nagawia watoto nyongeza. Siku moja nikaingia jikoni mapema kuchukua maji, nikamkuta anakwangua ukoko wa sufuria kwa kijiko, amesimama, mgongo ameupa mlango. Hakusema kitu, nami sikusema. Tangu siku hiyo napakua mimi, sahani zote kwa pamoja kabla mtu hajaketi, na ya kwake ndiyo ya kwanza.