Fundi umeme mwenzangu, usingoje Krismasi ifike ndiyo uanze kujitangaza

Wiki iliyopita kijana mmoja aliniandikia inboksi kutoka Singida. Amesoma chuo cha ufundi cha VETA, yuko mwaka wa tatu kazini. Desemba yote ameposti kila siku, ametumia elfu themanini kulipia matangazo, na simu ya maana hakupata hata moja. Mwishoni akaandika: "Kaka, au watu hawatutaki sisi mafundi wadogo?"

Swali lile lilinikaa kifuani siku nzima. Desemba ya mwaka juzi nililala nalo kila usiku.

Mimi kazi zangu nafanyia Moshi, na fundi yeyote wa huku anajua Desemba ni nini. Wachaga wanarudi nyumbani kutoka Dar, Arusha, Mwanza, hata nje ya nchi. Nyumba za Marangu, Rombo, Kibosho na Machame zilizofungwa tangu Januari zinafunguliwa ndani ya wiki moja. Panya wameshakula nyaya darini. Nyigu wamejenga kwenye boksi la mita. Heta ya bafuni haiwaki, pampu ya kisima imekwama, taa za nje zimejaa maji. Watu ishirini wanalala kwenye nyumba iliyozoea mlinzi mmoja, na wote wanataka maji ya moto saa kumi na mbili asubuhi. Fundi akikosa kazi huku msimu huo, kuna kitu hajakifanya sawasawa.

Basi mwaka juzi mimi nilikosa. Nilimlipa kijana elfu ishirini akanitengenezea posta: Santa Klausi amebeba balbu, chini yake maandishi mekundu, "Heri ya Krismasi na Mwaka Mpya, punguzo asilimia 20 kwa kazi zote za umeme". Nikaiweka Facebook na Instagram tarehe 20 Desemba, nikalipia elfu hamsini isambae. Laiki zilikuja, tena nyingi. Nilipofungua majina, wengi walikuwa watu wa mikoa mingine kabisa, ambao hawana nyumba wala ndugu Kilimanjaro. Nilikuwa sijachagua eneo la tangazo. Hela ikaenda.

Lakini kilichoniumiza hasa si ile hela. Tarehe 23 nilipita kwenye nyumba moja Uru ambayo waya zake nilivuta mimi mwenyewe, kuanzia meni swichi mpaka soketi ya mwisho. Nikakuta ngazi ya fundi mwingine imeegemezwa ukutani. Mwenye nyumba akanisalimia vizuri tu, akaniambia, "Ah, fundi, sikujua kama bado unafanya kazi hizi. Namba yako ninayo, lakini sijakuona siku nyingi." Sijakuona siku nyingi! Na mimi nilikuwa nimetoka kulipa elfu hamsini nionekane na watu nisiowajua. Mpaka leo nikipita barabara ile nageuza uso.

Sasa niwaambie kilichobadilika mwaka uliopita. Katikati ya Novemba niliitwa Marangu na mama mmoja anayeishi Dar. Dada wa kazi alikuwa amemwambia kuna harufu ya plastiki jikoni. Nilikuta ekstensheni moja imechomekwa birika la umeme, pasi na friji, vyote pamoja. Plagi ilikuwa imeyeyukia ndani ya soketi, nikaitoa kwa koleo. Ule upande wa laivu, unaoleta umeme, ulikuwa mweusi na plastiki imechuruzika kama nta. Nikaishika mkononi, nikapiga picha, halafu nikarekodi video fupi, sauti yangu mwenyewe, bila muziki:

"Soketi hii ni ya ampia 13, yaani inabeba kama wati 3,000 basi. Birika peke yake ni wati 2,000, pasi 1,200, friji nayo iko hapo hapo. Krismasi mtakuwa wengi nyumbani. Birika lipate soketi yake."

Sikuandika bei, punguzo wala heri ya sikukuu. Nikaweka status ya WhatsApp, ikakaa saa zake 24. Mtu akaichukua akaipeleka kwenye kikundi cha ukoo wao, kikundi kile kikaipeleka kwingine. Kesho yake jioni napokea simu ya namba nisiyoijua:

"Mwanangu, wewe ndiye wa ile soketi?"

"Shikamoo mama. Ndiyo mimi."

"Marahaba. Mimi nina nyumba Mwika, haijafunguliwa tangu Januari. Unaweza kwenda kuikagua kabla sijafika? Funguo anazo shemeji yangu."

Sitawachosha na jinsi nilivyopanga ratiba na kutafuta vijana wawili wa kunisaidia. Kati ya simu ile na mkesha wa Krismasi niliingia nyumba 31. Kwa mara ya kwanza tangu nianze ufundi nimelipa ada ya wanangu ya Januari bila kukopa. Naliandika hili kwa fahari, na namshukuru Mungu.

Kwa hiyo kijana wangu wa Singida, na wengine wote mnaosoma: anzeni mapema. Anayesafiri Desemba anapanga safari Novemba, na hapo ndipo anaikumbuka nyumba yake. Tarehe 20 ameshampigia fundi mwingine. Picha iwe ya kazi yako, kwa mikono yako. Posta ya Santa kila mtu anayo, soketi iliyoungua Marangu unayo wewe. Taja kijiji, kwa sababu mtu wa Marangu aliyeko Dar akisikia Marangu atasimama asikilize. Ukiwa na leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia huduma za nishati na maji, iandike kwenye profaili yako na ujaze huduma zako kwenye WhatsApp Business, maana mtu anayempa mgeni funguo za nyumba anataka kujua ni nani. Na kabla hujalipia tangazo, waandikie wateja wako wa zamani mmoja mmoja: "Shikamoo mzee, ile heta niliyofunga mwaka jana inaendeleaje?" Hiyo ni bure kabisa. Mimi nilijifunza kwa elfu hamsini na aibu ya Uru.

Jambo jingine nalisema kwa uchungu. Mwanzoni mwa Desemba nilirekodi kazi ya taa za nje kwenye nyumba moja, nikaonyesha geti na ukuta wote, nikasema kwa furaha kwamba wenyewe watafika tarehe 22. Mwenye nyumba alinipigia usiku uleule. Hakupaza sauti. "Fundi, umewatangazia wezi kwamba kwangu hakuna mtu kwa wiki tatu." Nilifuta papo hapo, nikaomba radhi, nikarudi kumalizia kazi bila malipo. Hajanipigia tena, na sidhani kama atanipigia. Alikuwa na haki. Piga picha ya soketi, ya breka, ya waya. Usipige geti, sebule, wala namba ya mita ya LUKU, na usiposti chochote cha nyumba ya mtu kabla hajakuruhusu. Vijana tunakimbilia kuonekana tukasahau kwamba mteja ametuamini na familia yake. Ukifunga heta ya wati 5,500 kwa waya wa milimita za mraba 2.5, ambao ni mwembamba mno kwa mzigo huo, kwa sababu unawahi nyumba nyingine ukarekodi video, video hiyo itafutika, waya utabaki ukutani unachemka na watoto wanaoga. Kazi kwanza! Hili nalirudia kwa sababu nimeona waya za aina hiyo nyumba tatu mwezi uliopita, zote zimefungwa na watu wenye wafuasi wengi kuliko mimi.

Kuhusu yule kijana wa Singida, nilimjibu kwamba asiige Krismasi ya Moshi. Aangalie kwao watu wanafungua nyumba lini, wanapaka rangi lini, wanapokea wageni lini. Ramadhani nayo inakuja. Kuna akina mama watakaogandisha juisi na barafu za kuuza, friza zitafanya kazi usiku na mchana kwenye soketi zilizolegea. Wiki tatu kabla ya mfungo ndiyo Novemba yake.

Jana usiku amenitumia picha. Soketi ya nyuma ya friza, dukani kwa shangazi yake, tundu moja limeshaanza kuwa kahawia. Picha imetulia, mwanga mzuri, kidole chake kinaonyesha pale palipoungua. Pembeni namba ya mita inasomeka yote. Nimemwambia aikate hiyo pembe, amwombe shangazi ruhusa, abadilishe soketi kwanza, halafu aiweke leo jioni watu wakitoka kazini.