720,720 na saba
Mdogo wangu, umeuliza kama 720,720 inagawanyika kwa 7 bila baki. Ndiyo, tena huhitaji kikokotoo. Tazama vizuri: 720 imejirudia mara mbili, kwa hiyo hiyo ni 720 × 1,001. Na 1,001 ni 7 × 11 × 13! Ukiivunja yote kuwa namba tasa unapata 2⁴ × 3² × 5 × 7 × 11 × 13, na ina vigawo 240, yaani namba 240 zinazoigawanya bila baki.

Utamu wenyewe ni huu: ndiyo KDS (Kigawe Kidogo cha Shirika) ya namba zote kuanzia 1 hadi 16, yaani namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa kila moja yao bila baki. Chukua dagaa 720,720 pale soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza. Wanunuzi wawe 9, 13 au 16, watagawana sawasawa. Wakifika 17, wanabaki dagaa 5.