Kochi la bosi halikuozeshi mke

*"Shangazi Senga, nina miaka 24, niko kisiwani Bugala, Kalangala, Uganda. Nampenda binti wa kijiji chetu naye ananipenda. Shida ni mama yake, ananiita mzururaji. Lakini hapa kazi hakuna. Askari walichoma mtumbwi wetu kwa kuwa haukufika futi 28, na tangu hapo natunza nyumba ya tajiri wa Kampala anayekuja Desemba na Pasaka tu. Nilimwendea mama nimweleze, akanifungia mlango. Sasa mtoto wa bosi anayesoma London amempa binti simu. Nifanyeje?"*

Pole kwa mtumbwi. Wengi waliunguziwa vyombo tangu jeshi liingie Ziwa Viktoria kusaka uvuvi haramu mwaka 2017, na wapo ambao hawajainuka mpaka leo. Pole imeishia hapo.

Barua yako nimeifupisha, lakini yale uliyoyapitia mbiombio nimeyaona. Unasema binti "hunisaidia vocha na chakula". Unasema picha ulizomtumia mlipoanza ulipiga sebuleni kwa bosi, umejinyoosha kwenye kochi, miwani ya bosi usoni. Halafu unataja, kama jambo dogo, kwamba mama yake ndiye anayefua mashuka ya nyumba hiyo wageni wakiondoka. Mwanangu! Umemdanganya binti wa mwanamke anayeijua kila foronya ya humo ndani. Nguo ya kuazima haisitiri matako, na aliyeyaona ni mkweo.

Tena ukamwendea ana kwa ana! Nani alikulea? Kwetu Buganda mama mkwe na mkwewe wa kiume hata mkono hawapeani. Neno lako linapita kwa senga wa binti, yaani shangazi yake, na siku ya kwanjula, ya kutambulishwa ukweni, unasemewa, husemi. Huyo mama kakufungia mlango tu, ana adabu. Mimi ningekumwagia maji ya kuoshea mukene, dagaa wetu wa ziwani.

Eti kazi hakuna. Binti huyohuyo, kwa maneno yako mwenyewe, anatoka alfajiri kwenda kuokota mbegu za mawese zilizodondoka chini ya michikichi. Sisemi ni kazi ya raha. Makuti yale yana miiba, na mimi bado nina kinyongo na msitu uliofyekwa ili michikichi ipandwe. Ila anakwenda, na vocha unayoniandikia inatoka huko.

Nyumba hizi za likizo zimetuharibia vijana. Desemba feri ya kutoka Nakiwogo, Entebbe, inashusha magari, nyama inachomwa, muziki mpaka asubuhi, kila kijana ana bahshishi mfukoni na kila binti ana mchumba. Januari madirisha yanafungwa, na madume yenye nguvu yanabaki ufukweni yanacheza bao la mweso kungojea Pasaka. Mapenzi ya watu wawili wasio na la kufanya hunoga sana, nakubali. Lakini ninyi hamko hivyo: yeye ana kazi, wewe una funguo.

Huyo wa London usinisumbue naye. Likizo ikiisha atapanda feri. Kinachokuuma si simu, ni kwamba yeye akikaa kwenye lile kochi haombi ruhusa.

Mwambie binti ukweli kuhusu zile picha, wewe mwenyewe, kabla mama hajachoka kunyamaza. Kisha nenda mwaloni ukaombe ubaharia kwenye mtumbwi wa mtu, mrefu unaoruhusiwa. Funguo za bosi hazikuzuii kuvua usiku. Vocha ununue wewe. Mama mkwe ukimwona njiani, pisha. Ukishakaa msimu mzima hivyo, mtafute senga wa binti, ndiye atakayekuambia kama mlango umefunguka.

Na binti akiamua mapema kwamba hakutaki, ana haki hiyo. Usiniandikie kulalamika.