Maswali na Majibu: Tope la Challa

Wiki iliyopita niligusia jinsi tope la chini ya ziwa linavyotumika kujua mvua za zamani. Barua zimekuja nyingi, nimechagua hizi.

Mwaka 2016 watu walitoboa Ziwa Challa wakiwa juu ya chelezo. Walitafuta mafuta? (Taveta)

Hapana, walitaka tope lenyewe. Challa limekaa ndani ya kasoko, yaani shimo la volkano, chini ya Kilimanjaro, na mpaka wa Kenya na Tanzania unalikata. Kina chake ni kama meta 90. Hakuna mto wa kudumu unaoingia, na kule chini hakuna oksijeni, kwa hiyo hakuna mnyoo wala mdudu wa kuvuruga kinachotua. Mradi huo, DeepCHALLA, ulitoa mashapo, yaani tope lililotua, ya meta 214 hivi, ya miaka kama 250,000. Gawanya mwenyewe: kwa mwaka hata milimita moja haifiki.

Ukilipasua bomba la tope hilo kwa urefu unaona mistari myembamba, mweupe, mweusi, mweupe, mweusi, kama khanga zilizokunjwa na kupangwa kabatini. Mweupe ni wa miezi ya kusi: upepo hukoroga maji, virutubisho hupanda juu, na daiatomu, mwani wenye magamba kama ya kioo, huzaliana kwa wingi kisha hufa na kutua. Mweusi ni wa miezi ya joto na mvua. Mwaka wa La Niña, wenye upepo mwingi na mvua haba, mstari mweupe hunenepa. Mwaka wa El Niño hukonda. Mimi hapo ndipo huvua kofia.

Umri wanaujuaje? Tope halina cheti cha kuzaliwa. (Morogoro)

Penye mistari wanahesabu, mmoja mmoja, kwa darubini. Pasipo na mistari wanapima kaboni-14, kaboni yenye mionzi ambayo hupungua nusu kila miaka 5,730. Ukipita miaka 50,000 hivi, inayobaki ni kidogo mno. Kwa miaka 150 ya karibuni hutumia risasi-210, yaani madini ya risasi yenye mionzi, ambayo nayo hupungua. Majivu ya volkano nayo husaidia. Kuna mtego, hata hivyo: maji ya ziwa yakibeba kaboni ya kale, kipimo hulizeesha tope kuliko lilivyo, na Challa lina tatizo hilo.

Bibi alitusimulia njaa kubwa za mababu. Tope linazijua? (Nakuru)

Ukame linaujua, njaa ni habari nyingine, maana inategemea pia vita, mifugo na ghala. Ila jibu liko karibu nawe, Ziwa Naivasha. Mwaka 2000 mtafiti Dirk Verschuren na wenzake walichapisha utafiti wa mashapo ya miaka 1,100 kutoka kasoko ya Crescent Island, ziwani humo. Ziwa likipungua maji huwa ya chumvi, na aina za daiatomu na za visubi wa majini hubadilika. Mabaki yao ndiyo yaliyosomwa. Kati ya mwaka 1000 na 1270 hivi palikuwa pakavu. Baadaye mvua ikarudi, lakini ikakatizwa mara tatu: 1390–1420, 1560–1625 na 1760–1840, kila mara kwa ukame mkali kuliko wowote wa karne ya 20. Wakalinganisha na masimulizi ya wazee kuhusu njaa na kuhama, vikaoana. Kwangu huo ndio uzuri wa utafiti ule: maneno ya akina bibi yaliitwa shahidi, hayakuachwa nje ya baraza.

Eti Ziwa Victoria liliwahi kukauka? (Mwanza)

Ndiyo, miaka 17,000 hivi iliyopita. Chini ya tope la ziwa kuna udongo wa nchi kavu. Mamia ya aina za furu zilizomo zimetokea vipi tangu hapo? Wataalamu wa samaki bado wanabishana.

Shikamoo. Niko kidato cha pili. Naweza kujaribu kwenye lambo la kijijini? (Dodoma)

Marahaba, mwanangu. Unaweza, ila usitarajie mistari. Ng'ombe wamekwisha kuikanyaga. Tafuta kona wasikofika, nenda na mtu mzima, na vaeni buti, kichocho kipo. Shindilia kipande cha bomba la plastiki, ziba mdomo wa juu kwa kiganja, vuta taratibu. Sukuma tope juu ya gazeti kwa mti, lipasue, uandike kila rangi inapobadilika ni sentimita ya ngapi. Ukikuta karatasi ya pipi usiitupe: tope lililoilalia haliwezi kuwa la zamani kuliko pipi hiyo.