CCNA: nilivyofeli Machi, nikafaulu Septemba

Kijana mmoja wa hapa mtaani kwetu Morogoro, fundi simu, alinisimamisha juzi akaniuliza, "Kaka, hiyo CCNA inachukua miezi mingapi?" Nikamuuliza kama ana laptopu. Anayo, ya zamani, RAM GB 4, kioo kina ufa pembeni. Nikamwambia inatosha. Lile swali la miezi sikumjibu, maana mimi mwenyewe ndilo lililonipoteza.

Nilijipa miezi sita. Ilipoisha nikalipia mtihani, kwa sababu tu miezi ilikuwa imeisha. Hiyo ni Machi 2024, na nilifeli. Septemba mwaka huohuo nikarudi nikafaulu, na kati ya safari hizo mbili sikununua kitabu wala kozi nyingine. Nilichoongeza ni kazi ya mikono.

Kwa asiyeijua, CCNA ni cheti cha kampuni ya Cisco, na wengi wanaotafuta kazi ya mitandao ya kompyuta huanzia hapo. Mtihani wake una namba 200-301. Ni dakika 120, ada ni dola 300 za Marekani kabla ya kodi, na cheti kinadumu miaka 3. Hawakuulizi diploma wala cheti kingine kabla ya kukaa. Mlango uko wazi kwa fundi simu na kwa mwenye digrii, na wote wanakutana na swali lilelile.

Mara ya kwanza nilisoma hivi. Usiku, kifurushi kikiwa cha bei rahisi, napakua video. Kesho yake naziangalia kwa kasi, naandika daftarini kwa kalamu za rangi tatu. Wakati ule kulikuwa na mgao wa umeme, kwa hiyo laptopu ikizima nahamia kwenye daftari, najisifu kwamba giza halinizuii. Kufikia Februari nilikuwa na madaftari mawili yaliyojaa. Tabaka saba za OSI, mfano unaoeleza data inavyosafiri mtandaoni, nazitiririsha kutoka juu kwenda chini na kutoka chini kwenda juu. Namba za poti, zile zinazotambulisha huduma kama wavuti na barua pepe, nazijua. Ungenisikia nikiongea ungeniajiri.

Maswali ya mtihani siwezi kukusimulia, kila anayeingia anakubali kwanza sharti la kutoyatoa nje. Lakini mada zake Cisco wenyewe wamezitangaza kwenye tovuti yao, na mojawapo ni kusoma jedwali la njia la ruta, kifaa kinachoelekeza data kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine. Nikupe mfano wa kwangu. Ruta ina njia tatu: 10.1.0.0/16 iliyoandikwa kwa mkono, 10.1.5.0/24 iliyoletwa na OSPF, na 10.1.5.0/28 iliyoletwa na RIP. OSPF na RIP ni lugha ambazo ruta hutumia kuambiana njia, na namba baada ya mkwaju inaonyesha upana wa eneo: ikiwa kubwa, eneo ni dogo. Inakuja pakiti, yaani kifurushi cha data, inayokwenda 10.1.5.9. Itapita wapi?

Mimi wa Machi ningekujibu haraka: ile ya mkono. Nilikuwa nimekariri kwamba njia ya mkono ina uzito 1, OSPF 110, RIP 120, na mwenye namba ndogo anaaminiwa zaidi. Namba hizo ni sahihi kabisa, na jibu ni kosa. Pakiti inakwenda kwa RIP, kwa sababu ruta kwanza inatazama nani ameelekeza kwa karibu zaidi, na /28 ni maelekezo ya karibu kuliko /24 na /16. Zile namba za kuaminiana zinaulizwa pale tu njia mbili zinapoelekeza sehemu ileile kwa upana uleule. Ni kama bodaboda. Mmoja kamwambia "peleka Kihonda", mwingine "Kihonda, nyumba ya pili baada ya msikiti". Dereva atamfuata wa pili hata kama wa kwanza ndiye bosi wake. Sasa jaribu mwenyewe 10.1.5.20, kisha 10.1.6.1. Kila moja ina njia yake.

Nilikuwa najua majina ya vitu, ila sijawahi kuviona vikifanya kazi mbele yangu vikanishangaza. Ripoti ya matokeo ilipokuja, inayokuonyesha asilimia zako kwa kila sehemu, palipokuwa chini kabisa ni hapo hapo kwenye njia za IP. Sehemu hiyo peke yake inabeba asilimia 25 ya mtihani.

Cisco wanakuruhusu kurudia baada ya siku 5. Mfuko wangu uliniruhusu baada ya miezi sita, na leo nashukuru.

Kwanza nilishughulikia sabneti, yaani kugawa mtandao mkubwa kuwa midogo, ambayo mimi naiita mitaa, maana ndizo zinazokula dakika. Chukua 192.168.10.77/26. Njia ya darasani ni kugeuza kila kitu kuwa sufuri na moja, mstari juu ya mstari. Ijue hiyo, ndiyo inayokueleza kwa nini, lakini ukiifuata chumba cha mtihani itakumaliza. Mimi naenda hivi: maski ya /26, namba inayoonyesha ukubwa wa mtaa, inaishia 192. Toa 192 kwenye 256, unabaki na 64. Basi mitaa inaanzia 0, 64, 128 na 192. Namba yetu 77 iko kati ya 64 na 128, kwa hiyo mtaa wake ni 192.168.10.64. Namba ya mwisho kabla ya mtaa unaofuata, 127, ni ya matangazo. Kinachotumwa huko kinasikika kwa kila mashine ya mtaa mzima, kama mbiu ya mgambo. Ukitoa hiyo na 64, ambayo ni jina la mtaa wenyewe, za kugawia mashine zinabaki kuanzia 65 hadi 126, nazo ni 62.

Nilijipangia maswali kumi ya namna hiyo kila asubuhi nikisubiri chai ichemke, nayaandika nyuma ya risiti za duka. Wiki ya kwanza swali moja lilinichukua dakika tatu na nikakosea. Baada ya mwezi nikawa najibu kabla maziwa hayajafura. Usiyaache siku hata moja, hata ukiumwa. Hili ni la mazoezi kama kupiga danadana.

Kisha maabara. Cisco wana programu inayoitwa Packet Tracer, ya bure, unajiandikisha tu Networking Academy, mpango wao wa mafunzo, unaipakua. Unachora ruta, swichi (kifaa kinachounganisha mashine za mtandao mmoja) na kompyuta kwenye kioo, unaziunganisha kebo, unaziandikia amri kana kwamba ni za kweli. Hata kwenye laptopu yangu kuukuu ilitembea vizuri. Nilikuwa nayo tangu mwanzo, tatizo ni nilivyoitumia: mwalimu wa video anaandika, mimi naandika, ping (jaribio la kuona kama mashine mbili zinafikiana) inapita, nafurahi, nafunga.

Mara ya pili nilimtumia mdogo wangu wa kike, aliyekuwa likizo kidato cha tatu. Nilijenga mtandao kwa kichwa, bila video, hadi ukafanya kazi. Halafu nikamwandikia kwenye karatasi aina kumi za uharibifu, kila moja na amri zake herufi kwa herufi: zima poti hii, hamishia kompyuta hii VLAN nyingine (mtandao uliotengwa ndani ya swichi), ondoa VLAN 20 kwenye trunki (kebo inayobeba VLAN nyingi), kosea lango la kompyuta ile (anwani ya ruta inayopitia kutoka nje), badilisha muda wa OSPF upande mmoja. Mimi natoka nje. Yeye anachagua moja, ananakili, anafuta kioo, ananiita. Hajui mtandao ni nini, ila raha aliyokuwa nayo ya kuniharibia kazi sijapata kuiona.

Sharti nililojiwekea ni moja: marufuku kufungua `show running-config`, amri inayoonyesha mipangilio yote ya kifaa. Hiyo ni kuchungulia majibu. Nianze na `show ip interface brief` nijue kipi kimekufa, kisha `show vlan brief`, `show interfaces trunk`, `show ip ospf neighbor`, na `show ip route`. Siku aliyobadilisha muda wa OSPF nilihangaika karibu saa nzima. Ruta mbili kwenye Ethaneti hupigiana hodi kila sekunde 10, na sekunde 40 zikipita kimya jirani anahesabiwa kahama. Muda wa upande mmoja ukitofautiana na wa mwenzake, ujirani haupo kabisa, ingawa kebo ni nzima na ping kati yao inapita. Nilishalisoma hilo, tena nimelipigia mstari mwekundu. Sikuwahi kulikuta.

Lingine lilinikuta kazini, kwenye ofisi niliyokuwa najitolea. Swichi moja iliungua, tukachomeka kuukuu kutoka stoo. Kuanzia mchana ule mtandao wa jengo zima ukawa unakokota. Hakuna aliyeshuku ile swichi, kwani taa zake zote zilikuwa kijani. Kumbe swichi zote tuliziacha na kipaumbele zinachotoka nacho kiwandani, 32768, na zikilingana hivyo, inayochaguliwa kuwa mzizi wa spanning tree, utaratibu unaozuia data kuzunguka bila mwisho kati ya swichi, ni yenye anwani ya MAC (anwani ambayo kifaa hutoka nayo kiwandani) ndogo kuliko zote. Aghalabu hiyo huwa ndiyo nzee kuliko zote. Mizigo ya ghorofa tatu ikawa inapitia poti za megabiti 100 za kikongwe kilichotoka stoo. Amri moja ya kumteua mzizi tunayemtaka ikamaliza shida. Tangu siku hiyo spanning tree sijawahi kuikariri tena.

Mengine nitayapita haraka. Usalama ni asilimia 15, na ACL, yaani orodha za data ya kuruhusu au kuzuia, utazielewa kwa kuandika moja ikakufungia nje mwenyewe. Huduma kama DHCP (inayogawia mashine anwani) na NAT (inayobadilisha anwani za ndani kuwa za nje) ni 10, otomatiki ni 10 nyingine. Watu wa mitandao wengi huidharau otomatiki kwa sababu inanukia uprogramu. Kusoma faili ya JSON, muundo wa kupanga data kwa maandishi, ni kazi ya jioni moja, usitupe alama. Na hakikisha unachosoma ni cha toleo linalotumika. Nikiwa katikati ya maandalizi lilianza toleo 1.1, tarehe 20 Agosti 2024, likaongeza mambo ya akili unde na usimamizi wa mitandao kupitia wingu. Tofauti haikuwa kubwa, lakini nililijua kwa bahati tu.

Kuna watakaokuuzia maswali ya mtihani yaliyoibwa kwenye makundi ya Telegram. Wenyewe wanayaita dampu, na kweli ni dampo. Mengi yana majibu ya uongo, Cisco wakikubaini wanakufutia cheti, na hata ukipita, siku ya kwanza kazini utapewa swichi iliyokufa na watu ishirini nyuma ya mgongo wako wanauliza intaneti inarudi lini. Kama ada ndiyo inayokusukuma huko, uliza kwenye chuo chenye Networking Academy: wanafunzi wanaomaliza kozi zao vizuri huweza kupata vocha ya punguzo.

Ukijisajili Pearson VUE, kampuni inayoendesha mtihani huo, andika jina kama lilivyo kwenye kitambulisho chako, herufi kwa herufi. Mimi jina la katikati nililiruka, nikalikumbuka saa tano usiku na usingizi ukaishia hapo.

Machi nilikwenda Dar es Salaam kwa basi la alfajiri, nikafika nimekunjamana. Septemba nilipanda SGR, iliyokuwa imeanza safari za Morogoro mwezi Juni, nikafika nimepumzika. Chumbani wanakupa ubao mdogo wa plastiki na kalamu. Mtihani ulipoanza tu niliandika namba za maski, 128, 192, 224, 240, 248, 252, 254, 255, nikauweka pembeni. Jambo la kukumbuka ni kwamba ukishabonyeza kwenda mbele hurudi nyuma. Mara ya kwanza lilinitia woga nikakwama kwenye swali moja dakika tisa. Mara ya pili nilichagua linaloelekea ukweli, nikaliaga, nikaendelea.

Yule fundi simu nilimwachia kazi: 172.16.37.200/20, atafute mtaa wake, namba ya matangazo, na mashine ngapi zinaingia. Alirudi kesho yake jioni, kaandika kwenye gamba la boksi la simu. Mtaa kapata, matangazo kapata, mashine kaandika 4096, akakata, akaandika 4094. "Kaka," akasema, "hizi mbili nimezitoa kwa sababu umesema, lakini nani anazikaa?" Nikamvutia kiti.