Usilipe twisheni kabla hujalifungua daftari lake

Usimhamishe mtoto. Na hiyo pesa ya twisheni usiitoe bado. Nimeyasoma uliyoandika mara mbili na roho imeniuma, maana ni maneno yangu yale yale ya 2016: mtoto alikuwa anafanya vizuri, kaingia darasa la tano hesabu zimeanguka, walimu wa skuli ya serikali hawasomeshi, jirani kakuelekeza kwa kijana wa twisheni, shangazi yake kasema mlete Unguja. Mwisho ukauliza kama uingie kamati ya skuli. Kabla ya yote hayo nijibu hili moja: daftari lake la hesabu umelifungua lini mara ya mwisho? Sisemi kumuuliza "umesoma leo?" Nasema kulishika mkononi, ukakaa nalo, ukageuza kurasa.

Mimi nilikaa mwaka na zaidi sijalifungua.

Tupo Pemba, upande wa Wete. Binti yangu alikuwa mkondo wa mchana, asubuhi yuko chuoni anasoma Qur'ani, jioni anarudi kachoka. Darasani kwao walikuwa tisini na kitu. Wakati ule hesabu na sayansi zilikuwa zinasomeshwa kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano, ndivyo Sera ya Elimu ya Zanzibar ya 2006 ilivyotaka, kwa hiyo alama ziliposhuka jibu nilikuwa nalo tayari: lugha imemshinda na mwalimu hamsaidii. Mwalimu mwenyewe sikumuuliza. Nilimuuliza mtu wa barazani.

Huyo mtu mpaka leo tukipishana njiani salamu yangu inatoka kwa shida. Aliniambia kwa kujiamini kabisa: ukiona umeitwa skuli ujue ni mchango, usende. Tangu Septemba 23, 1964 elimu imetangazwa bure, michango ikarudi baadaye kwa mlango mwingine, na 2015 serikali ikaifuta kwenye skuli za msingi. Sasa wanatuitia nini tena? Maneno hayo yalinikaa vizuri kwa sababu yalinipa ruhusa ya kutokwenda. Mtoto akaja na ujumbe wa mdomo, "mwalimu kasema mzazi afike." Nikamwambia mwambie baba yuko shamba. Akaja tena. Nikajibu vile vile. Na kweli nilikuwa shamba, ulikuwa msimu wa karafuu, lakini skuli yenyewe iko njiani. Nilikuwa naipita na gunia langu kila siku.

Nikampeleka twisheni kwa kijana mmoja, shilingi 30,000 kwa mwezi, miezi kumi na minne. Piga hesabu: ni 420,000. Karafuu kavu ya daraja la kwanza tulikuwa tunauza 14,000 kwa kilo, kwa hiyo pale nilimpa yule kijana kilo thalathini kavu. Wewe ni mtu wa Pemba, unajua kilo thalathini kavu ni mbichi kiasi gani, wachumaji wangapi uwalipe kwa pishi, usiku ngapi watu wamekaa ukumbini wanachambua, siku ngapi za kukimbilia jamvi kila wingu likipita.

Na kilichonimaliza ni kuwa twisheni alikuwa anapata! Nane kwa kumi, tisa kwa kumi. Yule kijana ananionesha karatasi na kuniambia, "Mzee, mtoto wako ana akili sana, tatizo ni wale walimu wa skuli, hawana uchungu." Mimi nikitoka pale naingia barazani kuwasema walimu mbele za watu, kwa majina. Nilikuwa na ushahidi mkononi. Mtoto mmoja, hesabu zile zile, kwa kijana anapata na skuli anakosa. Nani asingeamini?

Matokeo ya darasa la sita yakatoka, mchepuo, yale madarasa ya wanaochaguliwa kwa kufaulu vizuri, hakupata. Alilia siku mbili. Siku ya tatu nikachukua madaftari yake yote, nikayafunga kwa kamba, nikenda skuli kugombana. Nilitaka kumwekea mwalimu mezani, nimwambie tazama ulichomfanyia mwanangu.

Mwalimu ni mama mtu mzima. Aliniacha nikasema mpaka nikachoka. Kisha akafungua kamba, akatoa daftari la hesabu la darasa la tano, akanigeuzia ukurasa. "Soma hii, baba." Binti yangu ameandika 43 gawa kwa 6, jibu 7 na baki 1. Pembeni pana alama ya kukosa. Nikamwambia, mbona hii ni sahihi? Akasema, "Ni sahihi kabisa. Lakini ubaoni mimi niliandika 48."

Akafungua nyingine. Yeye kaandika 50, ubaoni ilikuwa 56. Nyingine 3 imekuwa 8. Kila hesabu jibu lake sahihi, swali lake siyo. Na chini ya kila ukurasa, kwa kalamu nyekundu: Mzazi afike. Mzazi afike tafadhali. Mara ya tatu kaandika kirefu: Mtoto haoni ubaoni, apelekwe kupimwa macho. Tarehe ilikuwa ya darasa la tano, muhula wa kwanza. Daftari hilo lilikuwa nyumbani kwangu, juu ya kabati, futi tano kutoka ninapolala.

Kwa yule kijana wa twisheni walikuwa watoto kumi ukumbini, ubao mdogo umeegemezwa ukutani, mkono ukinyoosha unaugusa. Ndiyo maana alikuwa anaona. Miezi kumi na minne kamsomesha mtoto kwa karibu hivyo, anamuona anasogeza uso mpaka pua inagusa karatasi, hakuniambia neno. Aliniambia walimu wabaya. Huyo ndiye niliyemlipa.

Yule mama, na watoto tisini mbele yake, alikuwa ameona. Mimi nina mmoja pale na sikuona. Alimkalisha mbele muhula mzima, alama zikapanda kidogo. Mwaka ulipogeuka akaingia mwalimu mwingine, wakapangwa kwa urefu, na mwanangu ni mrefu, akarudi nyuma kabisa.

Walimu na wao nina la kuwaambia, kama wamo humu. Wino mwekundu hautoshi. Mtoto anayekosa anaficha daftari, hiyo ni kawaida ya watoto. Andikeni, kisha pigeni simu, au mpeni sheha, kiongozi wetu wa mtaa, ujumbe, anatujua sote nyumba kwa nyumba. Na mtoto akipanda darasa, mwalimu wa mwanzo amwambie wa pili: huyu haoni, huyu hasikii vizuri, huyu anatoka mbali hajala. Lile jambo lilijulikana na mtu mmoja, likafia kwake. Vile vile mkituita, semeni mnatuitia nini. "Mzazi afike" peke yake mzazi anasikia mchango.

Miwani ilipatikana Chake Chake, wiki ile ile. 35,000. Pesa ya mwezi mmoja wa twisheni na chenji kidogo.

Basi ndugu yangu, fanya hivi. Leo usiku chukua daftari la hesabu, ukae na mtoto. Usitazame alama, tazama alichonakili na alivyokinakili, kisha soma kila kilichoandikwa kwa nyekundu. Kesho nenda skuli wakati wa mkondo wake, usingoje kuitwa. Muombe mwalimu mkuu ruhusa, ukae nyuma kabisa ya darasa, kwenye dawati la mwisho, kipindi kizima. Tazama mtoto wako anakaa wapi, anatazama nini, anafanya nini mwalimu akigeukia ubao. Kisha mngoje mwalimu atoke, umuulize yeye kwanza: wewe umeona nini kwa mtoto huyu? Unyamaze umsikilize.

Ukishatoka hapo rudi hapa utuambie ulichokikuta. Hiyo safari ya Unguja tutaizungumza wakati huo.